Jalada la santuri ya kwanza ya Black Sabbath: ni nani aliyeuweka msalaba uliopinduliwa?

Mpwa wa Tanga ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naleta mada hii nikiwa na haja ya kweli ya majibu, kwa sababu inahusu kitu kilichoachwa na marehemu mjomba wangu, na kitu hicho kimeleta mvutano katika familia yetu tangu tulipomaliza arobaini yake.

Mjomba alikwenda Birmingham, Uingereza, mwaka 1968 kusomea uhandisi, akarejea Tanga mwaka 1972 akiwa na sanduku la vitabu na santuri kumi na moja. Nyingi kati ya hizo ni za kwaya na za jazi, na hakuna aliyezijali. Iliyoleta maneno ni moja tu. Mbele ya jalada lake kuna picha ya mwanamke aliyevaa joho jeusi, amesimama peke yake kwenye vichaka na majani yaliyopukutika, na nyuma yake kuna jengo kuukuu lililo kando ya maji. Uso wake umepauka mno, na miti inayomzunguka ina rangi ya waridi ambayo sijawahi kuiona kwenye mti wowote. Jalada linafunguka kama kitabu, na ndani yake, juu ya weusi mtupu, kuna msalaba mkubwa uliogeuzwa kichwa chini, na katikati ya msalaba huo yamepangwa maandishi yanayofanana na shairi. Pembeni mjomba ameandika kwa kalamu ya wino jina lake na maneno «Birmingham, Machi 1970».

Mama mkubwa, ambaye ni dada yake mjomba wa kuzaliwa naye na pia ni mzee wa kanisa, alipolifungua jalada hilo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kitu cha namna ile hakiwezi kulala chini ya paa lake na kwamba kichomwe. Kijana mmoja wa jirani aliongeza chumvi kwa kudai kwamba amesoma mahali fulani kuwa yule mwanamke hakuwapo wakati picha inapigwa, bali alijitokeza filamu iliposafishwa. Mimi nimeomba nipewe muda wa kuuliza kabla santuri haijachomwa. Mjomba niliyemfahamu alikuwa mtu wa ibada, aliyesali kabla ya kula hata akiwa peke yake mezani, na sielewi ni kwa nini aliitunza santuri hii kwa zaidi ya miaka hamsini bila mkwaruzo.

Naomba anayejua historia ya bendi hii anieleze jinsi picha hii ilivyopigwa, maana ya msalaba ule na ni nani aliyeuweka, na kama nyimbo zilizomo zinalingana na jalada lake. Mashine ya kuchezea santuri ya mjomba iliharibika zamani, hivyo sijazisikia.

Fundi wa Chumba cha Giza ameandika:

Ndugu Mpwa wa Tanga, pole kwa msiba. Mimi nilifanya kazi ya kusafisha filamu Mombasa kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nitashika sehemu ya picha tu na kuwaachia wengine sehemu ya muziki.

Mwanamke yule alikuwapo, tena alikuwa mtu mwenye mwili na damu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Alikuwa mwanamitindo kijana aliyekodiwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2020, santuri ilipotimiza miaka hamsini, alijitokeza hadharani akasimulia jinsi alivyoamshwa yapata saa kumi alfajiri ili wafike mahali pale mapema. Mahali penyewe ni Mapledurham, kijiji kilicho kando ya mto Thames katika jimbo la Oxfordshire, na jengo lililo nyuma yake ni kinu cha maji cha kusagia nafaka ambacho asili yake ni ya karne ya 15. Mpiga picha alikuwa Keith Macmillan, aliyetumia jina la Keef kwa sababu tayari kulikuwa na mpiga picha mwingine mwenye jina kama lake. Alisema kwamba alimchagua makusudi msichana mwenye umbo dogo ili kinu, miti na anga vionekane vikubwa kupita kiasi. Huo ni ujuzi wa kweli wa kazi, kwa sababu mtazamaji hatambui kuwa amefanyiwa hivyo, ila anahisi tu kwamba mandhari inamwelemea yule mtu.

Sasa nije kwenye rangi ya waridi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Filamu ya kawaida ya rangi ina tabaka tatu, moja ya kunasa bluu, moja ya kunasa kijani na moja ya kunasa nyekundu, na kila tabaka hurudisha rangi ileile iliyoinasa. Macmillan alitumia filamu ya Kodak ya infraredi, ambayo tabaka zake zimesogezwa hatua moja: kitu cha kijani hutokea kikiwa cha bluu, chekundu hutokea kikiwa cha kijani, na miali ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa, hutokea ikiwa nyekundu. Majani yaliyo hai hurudisha miali hiyo kwa wingi mno, ndiyo maana mti mbichi kwenye filamu hii huwa mwekundu au wa waridi, ilhali majani yaliyokufa hayabadiliki kwa kiasi hicho. Ngozi ya binadamu nayo hupoteza wekundu wake wa kawaida, ikaonekana kama nta. Kwa hiyo weupe wa kutisha wa uso ule hautokani na poda wala na maradhi, bali unatokana na filamu yenyewe.

Filamu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya majalada ya santuri. Ilikusudiwa kupigia picha kutoka kwenye ndege, kwa sababu turubai lililopakwa rangi ya kijani ili kuwaficha askari haliwezi kuidanganya kama linavyolidanganya jicho, na watu wa misitu waliitumia kutambua miti iliyoanza kuugua kabla majani hayajageuka manjano. Macmillan aliichukua zana ya vita na ya kilimo akaipeleka kwenye kinu kilichochakaa. Alikuwa amepanga kutupa barafu kavu majini ili kupata ukungu, lakini haikufanya kazi vizuri, wakatumia mashine ya moshi badala yake. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, aliichemsha na kuigandisha filamu kidogo wakati wa kuisafisha. Yeyote aliyewahi kuiacha filamu kwenye maji ya moto kwa bahati mbaya anajua kinachotokea: ule utando wa jelatini huvimba na kulegea, na picha hupata chembechembe na rangi zilizofifia. Kwetu sisi hilo lilikuwa kosa la kukatwa mshahara, naye alilifanya kwa hiari.

Ninakusihi usiichome. Kama picha, ni kazi ya heshima, na haina jambo lolote ndani yake lisiloweza kuelezwa kwa mwanga na kemikali.

Mpiga Besi ameandika:

Namshukuru Fundi kwa maelezo ambayo hata mimi, niliyeitazama picha hiyo tangu nikiwa kidato cha pili, sikuwa nayo. Nitaongeza ya upande wa muziki, na ya msalaba.

Wanne hawa walikuwa vijana wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani ndani ya jiji hilohilo la Birmingham alikosoma mjomba wako: Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye ngoma na Ozzy Osbourne kwenye sauti. Walianza wakiitwa Polka Tulk Blues Band, wakajiita Earth, na walipogundua kuwa kulikuwa na bendi nyingine yenye jina hilo walichukua jina la Black Sabbath kutoka kwenye filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Hawakulichukua kutoka kwenye ibada yoyote. Walikuwa wameona kwamba watu hupanga foleni na kulipa fedha ili watishwe sinema, wakajiuliza kwa nini muziki nao usifanye kazi hiyo.

Santuri uliyo nayo ilirekodiwa tarehe 16 Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, kwa siku moja ya takribani saa kumi na mbili, chini ya mtayarishaji Rodger Bain. Walipiga kama walivyozoea kupiga ukumbini, wote kwa pamoja, na nyimbo nyingi hazikurudiwa zaidi ya mara moja au mbili. Siku iliyofuata sauti zilichanganywa, na wao walikwishaondoka. Mvua, radi na kengele unazozisikia mwanzoni ziliongezwa baadaye. Hili ni jambo la msingi kwa swali lako, kwa kuwa linaonyesha jinsi wanamuziki walivyokuwa mbali na bidhaa iliyokuwa ikiandaliwa kwa jina lao. Walifanya kazi ya siku moja, wakarudi kwenye maonyesho yao, na yaliyobaki yote yakafanywa na watu wengine.

Jalada lilikuwa miongoni mwa hayo yaliyobaki. Kampuni ya Vertigo, iliyokuwa tawi la Philips kwa ajili ya muziki mpya, ndiyo iliyosimamia usanifu, na msalaba uliopinduliwa uliwekwa bila bendi kuulizwa. Wanamuziki wenyewe wamelieleza hilo mara nyingi: waliuona msalaba huo kama ulivyouona wewe, baada ya santuri kuchapishwa. Kampuni ilichagua hata tarehe ya kuitoa, Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, siku ambayo Waingereza wengi huihesabu kuwa ya nuksi. Mjomba wako aliinunua kabla haijatimiza miezi miwili.

Matokeo yake yaliwaelemea wale vijana kwa miaka mingi. Watu waliojiita waabudu shetani walianza kuwafuata na kuwaalika kwenye mikusanyiko yao, ilhali Butler, mwandishi wa maneno mengi ya nyimbo, alikuwa amelelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Ile misalaba wanayoivaa shingoni katika picha za miaka hiyo, iliyosimama wima kama inavyopaswa, ilitengenezwa kwa aluminiamu na baba yake Ozzy, aliyekuwa fundi kiwandani.

Kuhusu nyimbo, mwambie mama mkubwa kwamba wimbo wa kwanza unamhusu mtu anayekiona kivuli cheusi kimesimama mbele yake kikimnyoshea kidole, naye anapiga ukelele kumwomba Mungu amsaidie. Hauna sifa yoyote kwa shetani. Ni hofu ya mtu aliyeamka usiku, na Butler alisema kwamba jambo la namna hiyo lilimpata yeye mwenyewe chumbani kwake. Wimbo unaoitwa «N.I.B.» ulizua uvumi Marekani kwamba herufi zile zinaficha maneno ya kukufuru, wakati jina lilitokana na ndevu za Bill Ward, ambazo wenzake walizifananisha na ncha ya kalamu, yaani «nib» kwa Kiingereza.

Kama mashine itatengenezwa, sikiliza hasa gitaa la wimbo ule wa kwanza. Lina noti tatu tu: G, kisha G ya juu yake, kisha C iliyopandishwa nusu hatua. Umbali kati ya G na C hiyo huitwa tritoni, nao ndio unaolifanya sikio likose pa kutua, kama mguu uliotafuta ngazi gizani usiipate. Butler alikuwa akijipigia kipande cha Gustav Holst kiitwacho «Mars», na Iommi, aliyekisikia, akaja na noti zake siku iliyofuata. Kumbuka pia kwamba Iommi alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukata mabati akiwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho ya kazi kiwandani. Kwa kuwa anapiga kwa kushoto, huo ndio mkono wake wa kubana nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono akabaki na vidole viwili vya kufanyia kazi ya solo, na Iommi aliposikia hivyo aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akajitengenezea vikofia mithili ya kastabini, akavivika ngozi, na akatafuta nyuzi nyembamba za banjo ili zisimuumize. Mlio mzito ambao watu huuhusisha na kuzimu umetoka kwenye jeraha la kiwandani.

Mwalimu wa Jumapili ameandika:

Nimesoma michango yote miwili kwa makini na nimejifunza mengi, lakini naomba nisimame upande wa mama mkubwa kwa muda, kwa kuwa naona hajatendewa haki.

Inasemwa kwamba wanamuziki hawakuuweka msalaba ule, na ninaamini. Hata hivyo msalaba upo. Mtu anayelifungua jalada hawezi kuuona moyo wa Butler wala kumsikia mpiga picha akieleza habari za tabaka za filamu. Anachokiona ni alama anayoiheshimu kuliko zote ikiwa imegeuzwa, tena imegeuzwa na kampuni kwa ajili ya biashara. Mimi nadhani hilo ni baya zaidi kuliko kama bendi ingekuwa na imani hiyo kwa dhati, kwa sababu mwenye imani, hata kama ni potofu, anajua anachokifanya. Ningependa pia kukumbusha kwamba msalaba uliopinduliwa una historia ya zamani ndani ya Kanisa lenyewe, kwani kwa mapokeo Mtume Petro aliomba asulubiwe kichwa chini akijiona hastahili kufa kama Bwana wake. Wasanifu wa santuri ile hawakuwa wakimfikiria Petro, na sisemi hivyo ili kuwatetea. Nasema ili mama mkubwa ajue kwamba alama yenyewe haina nguvu ya kumdhuru.

Swali langu kwa Mpiga Besi ni hili: kama jambo lile liliwakera, ni kwa nini waliendelea na kampuni ileile na majalada ya aina ileile?

Mpiga Besi ameandika:

Mwalimu, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Waliendelea kwa sababu walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini na moja hivi, waliotoka viwandani, na santuri yao ilikuwa imefika nafasi ya 8 Uingereza bila wao kutarajia, ingawa wahakiki wengi waliiponda, jarida la Rolling Stone likiwa mstari wa mbele. Hawakuwa na sauti ya kumpangia mtu jalada. Ushahidi wa kwamba hawakuwa na sauti hiyo ni santuri ya pili, iliyotoka Septemba mwaka huohuo wa 1970.

Santuri hiyo ilikuwa iitwe «War Pigs», kwa jina la wimbo wake wa kwanza, unaowashutumu wanasiasa na majenerali wanaowapeleka maskini vitani na kuishia na hukumu ya Mungu juu yao. Macmillan alikwishapiga picha ya mtu mwenye upanga na ngao akichomoka kwenye giza la msitu. Wakati huo bendi ilikuwa imeandika wimbo mfupi kwa dakika chache ili kujaza nafasi iliyobaki kwenye santuri, wimbo huo ukapanda hadi nafasi ya 4 nchini Uingereza, na kampuni ikabadilisha jina la santuri nzima kuwa «Paranoid» bila kubadilisha picha. Hadi leo hakuna anayeweza kueleza yule mtu mwenye upanga anahusianaje na neno hilo linalomaanisha hofu ya kudhani unaandamwa, na wanamuziki wenyewe waliichukia picha hiyo. Mimi naihesabu kuwa jalada baya kwenye santuri bora.

Kwenye ya tatu, «Master of Reality» ya Julai 1971, picha iliondolewa kabisa yakabaki maandishi peke yake, ya zambarau na meusi juu ya weusi, yaliyoinuliwa ili kidole kiyahisi. Sina hakika kama kuna jalada la miaka ile lililofanana zaidi na muziki wake, kwa kuwa kwenye santuri hiyo Iommi alilegeza nyuzi hatua moja na nusu ili kuvipumzisha vidole vyake, na mlio ukashuka mahali ambapo gitaa lilikuwa halijawahi kufika. Na humo humo, Mwalimu, kuna wimbo «After Forever», ambao maneno ya Butler yanamhoji msikilizaji anayeona aibu kukiri imani yake mbele ya wenzake na kumwambia kwamba Mungu ndiye njia. Mtu aliyeandika wimbo ule alikuwa anajibu msalaba uliopinduliwa, hata kama hakuutaja.

Santuri Kongwe ameandika:

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro ninayeishi Reading, Uingereza, kilomita chache kutoka Mapledurham, na nimekuwa nikikusanya santuri za miaka hiyo kwa muda mrefu. Naomba ndugu Mpwa wa Tanga aitazame santuri yenyewe, siyo jalada. Kama ni toleo la kwanza la Uingereza, lebo ya upande mmoja haitakuwa na orodha ya nyimbo, bali itajaa michoro ya mizunguko myeupe na myeusi inayoonekana kuchimba ndani kama kisima santuri inapozunguka, na majina ya nyimbo za pande zote mbili yatakuwa yamechapishwa kwenye lebo ya upande wa pili. Namba ya toleo ni VO 6, maana yake ni santuri ya sita ya Vertigo. Ya kwanza, VO 1, ilikuwa «Valentyne Suite» ya Colosseum, na jalada lake pia ni kazi ya Keef. Matoleo ya baadaye yalitolewa na kampuni za WWA na NEMS, na hayo hayana mizunguko hiyo.

Kwa tarehe aliyoiandika mjomba sina shaka kwamba mtaikuta VO 6. Wauzaji watakwambia kwamba maandishi ya kalamu yanaishusha bei, na kwa soko lao ni kweli. Mimi nisingeyafuta kwa bei yoyote, kwa sababu kijana wa Kitanganyika aliyeinunua santuri hiyo Birmingham mwezi Machi 1970 aliinunua katika jiji la wale vijana wenyewe, kabla dunia haijawajua.

Kinu nilikitembelea. Wakati wa picha kilikuwa kimechoka, lakini kilikarabatiwa katika miaka ya 1970, na sasa gurudumu lake linazunguka tena kwa nguvu ya maji ya Thames na mawe yake yanasaga ngano. Ndicho kinu pekee kilichobaki kwenye mto huo kinachosaga unga. Vichaka vya kwenye picha vimekatwa, nyasi zimefyekwa vizuri, na mtu asiyejua anaweza kupita bila kukitambua.

Mpwa wa Tanga ameandika:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu kamili.

Ni VO 6, na mizunguko ipo kama ilivyoelezwa. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama mkubwa nikiwa nimeichapisha michango yenu yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yake hayasomi tena kwenye simu. Aliisoma yote kwa utulivu. Alipofika kwa Mwalimu wa Jumapili alitikisa kichwa kukubali, akaniambia kwamba huyo amemwelewa, na bado anaona kwamba kampuni ilifanya jambo la hovyo kwa msalaba. Alipofika kwenye habari za vidole vya Iommi alisimama, akanieleza jambo ambalo sikulijua: katika barua zake za kutoka Birmingham, mjomba aliandika kwamba alifanya mafunzo ya vitendo katika kiwanda cha kukata mabati, na kwamba fundi aliyekuwa akimfundisha alikuwa na vidole vitatu mkono mmoja. Mama mkubwa hadhani kama mjomba aliinunua santuri hiyo kwa sababu ya picha.

Kisha aliomba aletewe jalada. Alilifungua, hakuutazama msalaba, aliweka kidole kwenye mwandiko wa kaka yake akakaa hivyo kwa muda. Swali lake pekee kuhusu picha ya mbele lilikuwa kama kile kinu kweli bado kinasaga, maana baba yao alikuwa na mashine ya kusaga Muheza na yeye amekulia kwenye vumbi la unga. Nilimwambia kwamba kuna ndugu wa Morogoro amekiona kikisaga.

Ameamua santuri ikae kwangu. Hataki iwe nyumbani kwake, na nimeliheshimu hilo. Ombi langu la mwisho ni la kivitendo: nyumba yangu iko karibu na bahari, chumvi na unyevu ni vingi, na kingo za jalada zimeanza kuwa na madoa ya kahawia. Niitunze vipi?

Santuri Kongwe ameandika:

Isimamishe wima kama kitabu, usiilaze chini ya vitu vingine, kwa sababu uzito na joto vitaipinda. Itoe santuri kutoka ndani ya jalada, uiweke kwenye mfuko mpya wa karatasi isiyo na asidi, na ule mfuko wa zamani uuhifadhi pembeni bila kuutupa. Jalada liwekwe kwenye bahasha ya plastiki ya polipropilini iliyo wazi upande mmoja ili hewa ipite, kamwe isiwe ya PVC, ambayo hutoa mvuke unaoshambulia santuri na kuacha ukungu usiotoka. Weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu kwenye rafu, uvibadilishe kila mara vinaposhiba, na iepushe na ukuta wa nje, hasa ule unaopigwa na upepo wa baharini. Madoa ya kahawia usiyasugue kwa kitu chochote chenye maji. Wino wa mjomba ni wa kalamu ya zamani, nao utaondoka kabla ya madoa.

Fundi wa Chumba cha Giza ameandika:

Naongeza moja tu kuhusu mwanga. Usilitundike ukutani kwenye fremu, hata kama unalipenda. Wino wa waridi ni miongoni mwa rangi zinazowahi kupauka juani, na waridi ya jalada hilo tangu mwanzo ilichapishwa hafifu. Lifungue unapotaka kulitazama, kisha lirudishe gizani.